Isale Si la Kupambia Salmoni

Nani aliwadanganya kwamba kila sahani lazima iwe na jani? Nauliza kwa sababu juzi mjukuu wangu Neema, anayesomea upishi hapa Moshi, alinipeleka kwenye maonyesho ya wanafunzi wenzake. Nikakuta kipande cha salmoni kimelazwa juu ya kipande cha jani la mgomba, ubavuni wamechomeka ua, na juu ya ua wamechomeka kijiti. Nikamwuliza kijana aliyepika, "Mwanangu, hiki kijiti kinaliwa?" Akacheka. "Hapana Bibi, hicho ni cha kuvutia macho." Macho! Mtu amekuja na njaa yake, wewe unamlisha macho?

Neema aliona nimefura, akanivuta mkono tukatoka. Baadaye ndio akaniomba niwaandikie ninyi wapishi wachanga ni vyakula gani vya kando vinafaa kwa salmoni, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu hotelini miaka yote. Nimekubali. Lakini ninaandika kwa hasira, na mtu asiniambie nitulie. Jani moja la kupambia salmoni lilikaribia kumwoza binti niliyemlea kwa mwanamume aliyemficha siri, tena likanifukuzisha kazi. Nitulie nini?

Jina langu Apolonia, mzaliwa wa Kibosho. Kwa wale mliozaliwa juzi: salmoni hatukuijua. Wakati wetu maduka yalikuwa matupu, sabuni unapanga foleni, sukari unaandikiwa kibali. Halafu mambo yakafunguliwa. Ghafla mjini kila kitu kipo, hoteli za watalii wa kupanda mlima zinaota kila kona, na mwenye hoteli yetu akauza kwa mwenye hoteli mpya. Huyu mpya akaleta friza kubwa kama kabati la sakristia, na ndani ya friza akaleta salmoni. Ilitoka Ulaya ikapita Nairobi, ikafika kwetu imeganda kama jiwe la kusagia.

Mama yangu mzazi alikuwa hai bado. Nyie watoto wa siku hizi mnakula dagaa mpaka kwenye sherehe, hamjui kwamba wazee wa mlimani samaki hawakumgusa. Kwao samaki na nyoka walikuwa ukoo mmoja. Jioni nikirudi kutoka kazini mama ananinusa mlangoni kama mbwa wa polisi. "Umeshika nyoka wako leo?" Ananituma mfereji wa nyuma ninawe mpaka kwenye viwiko ndipo niruhusiwe kusogelea sufuria ya ndizi. Na kule hotelini nilikuwa na sufuria yangu ya ndizi ambayo haijawahi kuguswa na samaki. Niliitia alama ya msalaba kwa msumari. Kila aliyeichukua kuchemshia samaki nilimfokea mbele ya watu, hata awe nani.

Aliyenifundisha vya kando ni Mzee Saidi, Mungu amrehemu, mtu wa mjini, Mwislamu mwenye kicheko cha taratibu. Pilau lake lilikuwa linawaita watu kutoka barabarani. Yeye alisema salmoni ni samaki mwenye mafuta, kwa hiyo asipewe rafiki mwenye mafuta. "Polonia," ananiambia, maana hakuwahi kulimaliza jina langu, "mpe kitu chachu kimkate, kitu kichungu kimwamshe, na kitu cha kushibisha kimbebe. Ukishaweka hivyo, toa mkono kwenye sahani." Toa mkono kwenye sahani! Sasa ninyi mnaingiza mikono yote miwili.

Basi sikilizeni. Kichungu, chukua mnafu, ile mboga ya majani yenye uchungu. Mnafu, si mchicha. Uchemshe kwenye maji mengi, umwage maji ya kwanza, kisha uukaange kidogo na kitunguu. Uchungu usiuue wote, bakiza kidogo, ndio unaoamsha mdomo baada ya mafuta ya samaki. Kuna mtu alipika salmoni na mchicha wa nazi, mafuta juu ya mafuta, wageni wakarudisha nusu. Na magadi, kwa jina la Mama Maria, wekeni mbali! Najua mnatia kwenye njegere zibaki kijani. Zinabaki kijani, ndiyo, lakini zinalainika kama uji, na ukizila na samaki unasikia sabuni.

Kichachu ni maziwa ya mgando. Yatundike kwenye kitambaa safi yachuruzike maji, yabaki mazito, tia chumvi, majani ya kitunguu na tone la limau. Wazungu walikuwa wanauliza ni sosi gani hiyo. Sosi gani! Ni maziwa ya ng'ombe wa Kibosho. Cha kushibisha, ndizi mshare. Jipake mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu usikuchafue ukaonekana umetoka kuchimba makaa. Zichemshe ziive lakini zisimame, halafu zipitishe kwenye kikaango chenye siagi mpaka zishike rangi. Magimbi pia yanafaa, ila uyachemshe sawasawa, gimbi bichi linawasha koo na mgeni atadhani umemwekea sumu.

Hayo ndiyo mliyoyataka. Mngependa niishie hapo, eh? Sijamaliza.

Manka ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimchukua akiwa bado ananyonya, ndiyo maana nasema binti yangu na sioni haya. Alikua, akasoma ualimu, akapata mchumba anaitwa Deo, kijana mtanashati wa familia ya hapa mjini. Baba yake Deo alikuwa ametajirika na vipuri vya magari kutoka Dubai. Gari kubwa, simu kiunoni wakati simu zenyewe zilikuwa za kuhesabu, na mdomo mkubwa kuliko gari. Mama yake Deo alikuwa mama wa mlimani kama sisi, mpole, anaongea akitazama chini. Siku ile ya kwanza alipokuja kwangu nilimwona ana kitu moyoni. Nikadhani ni mumewe anamsumbua.

Ninyi mnajua desturi. Ukitaka binti wa watu unapanda kwao na mbege, pombe yetu ya ndizi, unapanda na nyama, unakaa kwenye kiti utakachopewa. Yule bwana alikataa. Alisema barabara ya Kibosho itamvunjia gari, na mambo ya mbege ni ya zamani. Yeye atawaalika wazee wa Manka hotelini, awakarimu kisasa. Na hoteli aliyochagua ni ipi? Yetu. Na chakula alichoagiza ni nini? Salmoni! Wazee wa Kibosho, wasiogusa samaki, anawaagizia salmoni kwa sababu ndicho kitu cha bei kwenye menyu.

Nilimwendea Meku Laurenti, baba yangu mkubwa, mkubwa wa ukoo. Kwetu mzee wa heshima tunamwita meku. Nilitegemea atakataa. Akafikiri, akatema mate pembeni, akasema, "Tutashuka kwa ajili ya Manka. Samaki wake tutamwacha kwenye sahani. Wewe si uko huko jikoni? Tupikie ndizi."

Kwa hiyo siku ya posa ya binti yangu nilikuwa jikoni na aproni. Meneja alishanipa ruhusa nikae mezani kama mama wa bibi harusi, lakini ningekaaje? Nani angewapikia wazee? Nikapanga nimalize vya kando, nivue aproni, nivae kitenge changu nitoke. Kitenge kilikuwa kimening'inia nyuma ya mlango wa stoo.

Sasa kulikuwa na Shefu Wiliamu. Mzee Saidi alikuwa ameshastaafu, na mwenye hoteli akamleta huyu kutoka Dar, kofia ndefu, miluzi mchana kutwa. Kupika alikuwa anajua, sitamsingizia. Salmoni aliipika vizuri, ngozi inalia ukiigusa na kisu. Tatizo lake lilikuwa moja, kila sahani aliiona haina kijani cha kutosha. Asubuhi ile namwona anaingia kutoka bustanini na mkasi, amekumbatia majani marefu. Nikatazama vizuri. Yesu na Maria! Masale!

Ninyi wa mbali nawaeleza. Isale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda kwenye mipaka ya mashamba na kwenye makaburi. Lakini kazi yake kubwa ni msamaha. Ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayalitoshi, unakata isale, unalibeba kwa mkono wako, unamwendea. Na akiliona mkononi mwako hawezi kukukataa. Watu wameachiana visasi vya damu kwa jani hilo. Hoteli ililipanda uani kama ua la kupendezesha tu, mimi nilikuwa napita pale nikiinamisha macho.

Nikamwambia, "Shefu, hayo usiweke mezani. Leo kuna wazee wa Kichagga."

"Yana sumu?"

"Hayana sumu. Yana maana."

Akapiga mluzi. "Mama Polo, jani ni jani. Wewe shughulika na ndizi zako."

Nikaenda kwa meneja. Meneja alikuwa kwenye simu, akanionyesha kiganja, ngoja. Nikangoja. Niliporudi jikoni ndizi zinataka kushika chini, nikazikimbilia. Nilipakua vya kando kwa mkono wangu kwenye sahani za wazee, ndizi, mnafu, maziwa, nikazisukuma kwa Shefu aweke samaki wake. Nikageuka kunawa nivae kitenge. Nilipogeuka tena, wahudumu walikuwa wameshatoka na sahani, na kila kipande cha salmoni kimelazwa juu ya isale lililokunjwa kama utepe.

Nilikimbia mpaka mlangoni pa ukumbi. Nimechelewa.

Meku Laurenti alikuwa ameshaweka uma chini. Alitazama sahani yake, akatazama ya jirani yake, akatazama meza nzima ya wazee. Akasimama, mzee yule mrefu. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani amekosa?"

Baba yake Deo alidhani ni hotuba inaanza. Akapiga makofi! Wallahi, kama alivyokuwa akisema Mzee Saidi, yule mtu alipiga makofi.

Lakini Mama Deo alikuwa ameyaona majani. Alimgeukia mumewe akamshika mkono kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka. Alidhani mumewe ndiye aliyeagiza. Alidhani amekubali mwishowe kitu alichokuwa akimwomba tangu mwanzo. Akapiga magoti pale pale kwenye zulia. "Asante baba Deo. Wazee wangu, ni kweli tumekosa. Mwanetu ana mtoto huko Rombo, mji wa Mkuu. Ana mwanamke amekaa naye, anamwambia yeye ndiye mke. Tumewaficha. Nilisema tuwaambie, nikakatazwa."

Nilitazama Deo. Alikuwa anatazama salmoni yake. Nilitazama Manka wangu, amekaa wima na gauni lake la rangi ya maziwa, hata hakupepesa. Hasira iliyonipanda pale haijashuka mpaka leo ninavyoandika.

Na baba mtu? Aliduwaa kidogo tu. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Mzee mmoja upande wetu alishaanza kusema, "Isale limeletwa, halikataliwi," na wengine wanaitikia kwa vichwa, "Halikataliwi, halikataliwi." Yule bwana akaona mlango umefunguka. Hakujua hata kilichoko mezani ni nini, lakini alijua kinamfaa. "Ndiyo wazee wangu," anasema, "tumelileta. Tumelileta kwa heshima. Sasa yaishe, tule, harusi iendelee."

Yaishe! Binti yangu aozwe kwa uongo, na msamaha wenyewe umekatwa na Wiliamu kwa mkasi wa bustani!

Niliingia. Na aproni yangu, na mikono yenye utomvu. Meneja alinidaka kiwiko nikamkung'uta. "Shikamoo Meku," nikasema, "isale hilo halikuletwa na mtu. Limekatwa na mpishi hapo nje kupambia samaki. Nilimkataza, hakusikia. Hawa hata hawakujua liko mezani."

"Mama, toka!" Baba Deo alifoka. "Jani liko mezani, limeonekana, limepokelewa. Jani ni jani!"

Maneno yale yale ya Shefu. Meku Laurenti akamgeukia Deo. "Kijana. Wewe ulilikata?"

"Hapana, mzee."

"Ulijua lipo?"

"Hapana, mzee."

"Ungelileta?"

Deo akamtazama baba yake. Hapo Manka ndipo alipofumbua mdomo. Alinyoosha mkono akalitoa lile jani chini ya samaki wa Deo, linachuruzika mafuta na limau, akalionyesha kwa vidole viwili. "Hili limepikwa," akasema. Akalirudisha kwenye sahani, akafuta vidole, akamshika Meku Laurenti mkono wakatoka.

Wazee wakafuata. Hakuna aliyegusa chakula, hata ndizi zangu, kwa sababu sahani iliyobeba isale la uongo hailiwi. Wazee wa watu walipanda Kibosho na njaa. Jueni kwamba hilo nalo liliniuma. Niliamka alfajiri kwa ajili ya ndizi zile, na walikuwa wakizitazama wakimeza mate.

Meneja alinifukuza jioni ile ile. Nimeaibisha mteja mkubwa, alisema. Zamani ungekwenda kulalamika mahali, lakini wakati ule mwenye hoteli ndiye serikali. Shefu Wiliamu alikuwa amesimama karibu na friza, kofia mkononi, hapigi mluzi. Angesema neno moja, "Mama alinikataza," ningebaki na kazi. Hakulisema. Nikachukua kitenge changu, nikachukua sufuria yangu yenye msalaba, nikaondoka.

Mnadhani yameisha? Masika yakaingia. Jumapili moja tumetoka misa, tumekaa nyumbani kwa Meku Laurenti, tunamwona Deo anapanda kwa miguu. Matope mpaka magotini, kumbe gari la baba yake limekwama chini huko. Yuko na mjomba wake, na mikononi amebeba isale, bichi, la kukata mwenyewe, na mkono wake mmoja una jeraha la panga. Niliogopa kuliko siku ile ya hotelini. Maana hili lilikuwa la kweli, na la kweli halikataliwi. Nilimtazama Manka nikataka nimfiche nyuma yangu kama kuku.

Deo akapiga magoti. Akasema yote, jina la yule mwanamke, jina la mtoto. Hakumtaja baba yake. Meku Laurenti akamwita Manka, "Mama, haya ni yako."

Manka akalipokea lile jani kwa mikono miwili. "Nimelipokea, Deo. Nimekusamehe, kutoka moyoni." Mjomba wake Deo akaanza kutabasamu, akashika kofia yake kama mtu anayejiandaa kuulizia tarehe ya harusi. Manka akaendelea. "Sasa ukishuka, ukate lingine. Ulipeleke Mkuu, kwa mama wa mtoto wako. Anakungoja muda mrefu kuliko mimi."

Desturi inasema usamehe, haisemi uolewe, na wazee wote pale walilijua hilo. Meku Laurenti alitazama mlima, nikaona mabega yake yanacheka. Mimi nikaingia jikoni nikampakulia Deo ndizi na mnafu, kwa sababu aliyesamehewa haondoki na njaa. Alikula akilia. Mwezi uliofuata tulisikia ameonekana Mkuu, na baada ya hapo sikumfuatilia. Manka amestaafu ualimu sasa, aliolewa na mtu aliyekuja kwa miguu tangu mara ya kwanza, na Neema aliyeniponza kuandika haya ni mtoto wake.

Kwa hiyo ninyi mnaopika salmoni, pikeni. Mnafu, maziwa ya mgando, ndizi mshare. Kabla hujachuma jani kwenye ua usioujua, uliza mtu wa hapo. Na akikujibu, usipige mluzi.

Shefu Wiliamu yupo bado mjini hapa, ana mgahawa wake, wengine wenu mnakwenda kwake kujifunza kazi. Nasikia huwa anasimulia kisa hiki akicheka, anasema, "Kuna mama alifukuzwa kwa sababu ya jani." Mfikishieni salamu zangu. Naishi Rau, akiuliza yeyote ataonyeshwa, na masale yamejaa mpakani kwangu toka upande mpaka upande. Miaka yote hii sijamkataa, ni yeye hajaja. Mwambieni isale alibebe mkononi.